Mkono Mmoja Tu

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimekwisha, na leo nimeleta mbwa mwingine nyumbani. Mama mkwe alipomwona tu akasema, "Mwingine tena wa kuzika," akaendelea kuchambua mchele wake. Kaburi la yule wa kwanza lipo nyuma ya choo, halijaota hata majani, nami nikipita pale huangalia pembeni.

Niandike nilivyojiapia, nisije nikajisahau. Kiangazi hiki nitaingia porini kukusanya mbegu za miti kwa ajili ya kitalu kilichoniajiri, kama kila mwaka, na sitaingia peke yangu. Mwaka jana mbwa wangu aliokota kipande cha nyama njiani. Wawindaji haramu walikiweka kwa ajili ya fisi, au kwa ajili ya watu kama mimi, sijui. Alikufa akitoa povu kabla sijamaliza kufungua begi nimtafutie maziwa. Huyu wa sasa hataokota kitu. Hatapokea kitu. Atakula kwenye kiganja changu cha kulia na si penginepo, hata akifungiwa buchani.

Ni dume, rangi ya vumbi, masikio makubwa, hajafika miaka miwili. Anakutazama kimya muda mrefu kama anayepima maelezo yako. Mume wangu amemwita Hakimu, na jina limekaa.

Jumanne, 4 Juni

Ametafuna kiatu cha mama mkwe. Kimoja tu, ili maneno yasiishe.

Jumapili, 9 Juni

Tumeanza na filimbi. Namfunga kamba ndefu, namwacha anuse uwanja wote, kisha napuliza mara moja. Akija, nyama. Asipokuja, namvuta taratibu mpaka afike, na bado nyama. Sijawahi kumwita ili nimpige, na sitamwita. Mbwa aliyewahi kuitwa akapigwa, siku ukimwita na nyoka yuko mbele yake, atasita, na hapo umekwisha kumpoteza. Hilo nimemwambia kila mtu humu ndani: filimbi hii haisemi uongo, na asiiguse mtu.

Mume wangu ni fundi cherehani, kazi yake anaifanyia chumba cha mbele. Leo nimempa turubai ashone kizibao chenye mifuko miwili, Hakimu abebe maji yake mwenyewe. Nilipokuwa namshikia mbwa nampima kifua, akacheka. "Miaka yote ya ndoa hujawahi kunishikia mimi futi kamba kwa mapenzi hivi."

"Wewe huendi porini."

"Nikienda utanishonea?"

"Nenda kwanza."

Alhamisi, 13 Juni

Wifi yangu nitamuua kabla nyoka hajapata nafasi.

Huyu ni mdogo wake mume wangu, yule aliyerudishwa kwao na mumewe mwaka juzi akiwa na begi moja na kikapu cha vyombo. Jina la nyumbani ni Pamba, na amelipata kihalali. Mtu akipandisha sauti jirani, yeye huku macho yanalowa. Sasa nimemfuma jikoni amechuchumaa, mbwa kaweka kichwa mapajani mwake, anamlisha ukoko wa sufuria kwa vidole, na wimbo anamwimbia.

"Wifi, nilisema asilishwe."

"Alikuwa ananiangalia tu, wifi."

"Kazi yake ndiyo hiyo. Ya kwako ni kunyima."

Akainuka, akaosha mikono. Usiku mbwa analala mlangoni kwake, si kwangu. Limeniuma, sikatai.

Jumamosi, 15 Juni

Leo ndiyo siku ya shule.

Utaratibu ni wangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Nachukua vipande vya mapafu, napasua, najaza pilipili iliyosagwa, nafumba. Mimi natoka, najificha nyuma ya ukuta wa jirani. Mmoja wa nyumbani anamwita mbwa kwa sauti tamu, anamnyooshea kipande. Akiking'ata, moto mdomoni, na papo hapo kofi la gunia lililokunjwa. Anapolia, mimi natokea na bakuli la maji, naketi chini, naweka nyama safi kwenye kiganja cha kulia, namwambia "Haya, kula." Ajue ulimwengu mzima unachoma, mimi tu ndiye ninayepoza.

Mama mkwe alianza. Alimpa bila kupepesa jicho, akampiga gunia, akarudi kwenye kigoda chake kama aliyetoka kufunga dirisha. Mume wangu alifumba macho, gunia likampata mwenyewe gotini. Kisha zamu ya Pamba.

"Mimi siwezi, wifi."

"Huwezi nini? Kunyoosha mkono?"

"Ananiamini."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Atakayemuua porini hatakuja amekunja uso. Atakuja anamwimbia, kama wewe."

"Mwambie kaka afanye mara mbili."

Hapo nilimwambia maneno yaliyomfanya hata mume wangu ainue kichwa. Nilimwambia kila anayelala nyumba hii ana kazi yake, na asiyeitaka kazi anaijua njia ya kwa mumewe. Akakichukua kipande.

Wengine Hakimu alikuwa amekwisha kuwashtukia, alinusa kwanza. Cha Pamba hakukinusa. Alikimeza kizima, mkia unacheza. Alilia kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwa mbwa mkubwa vile, na yule mwanamke alisimama na gunia mkononi hawezi kulishusha, mpaka nikapiga kelele toka nyuma ya ukuta, "Piga!" Akapiga.

Usiku huu Hakimu amelala mlangoni kwangu.

Jumanne, 18 Juni

Kupe kumi masikioni. Kucha nimekata. Hewa kavu, midomo inapasuka.

Ijumaa, 21 Juni

Marudio. Mama mkwe alijaribu, Hakimu aligeuza uso. Mume wangu, akageuza uso. Pamba alipoingia tu uwanjani, mbwa akapita chini ya cherehani na kutoka mlango wa mbele. Nilicheka. Pamba hakucheka. Jioni aliniuliza kama anaweza sasa kumpa kipande kimoja safi, amwombe radhi. Nikamwambia radhi ya mbwa ndiyo itakayomuua mbwa.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekaa nikafikiri: na mtu akiiba koti langu? Porini naacha vitu kwenye hema. Mwindaji mwerevu atavaa koti langu, glavu yangu, kofia yangu, harufu yote ni yangu.

Basi leo nimemvika mume wangu vyote. Nguo zinambana, amefanana na mzigo uliofungwa vibaya. Hakimu alimjia mbio, ananusa glavu na kuilamba, na pilipili ya leo nilikuwa nimeitia maradufu. Baada ya hapo alikaa pembeni anatazama koti langu lilivyoanikwa kwenye kamba. Hata nilipolivaa mwenyewe alinizunguka mara kadhaa, akanichungulia usoni, ndipo akala.

"Umemfundisha kukuogopa na wewe," mume wangu alisema.

"Nimemfundisha kuhakikisha."

Jumapili, 30 Juni

Na sauti. Nilijirekodi kwenye simu nikisema "Haya, kula," Pamba akaishika simu mkono mmoja na nyama mkono mwingine. Sasa hanibishii tena, anafanya kama mashine. Hakimu alisikia sauti yangu, akasogea, akala, akaungua. Mara ya pili alisogea nusu. Mara ya tatu simu iliposema tu, alijilaza kifudifudi akisubiri gunia.

Mlango nimefunga, na dirisha nimefunga. Sauti bila mkono ni uongo. Mkono bila uso ni uongo. Kilicho chini ni uongo. Nilijisifu mbele ya wote mezani.

Mama mkwe akauliza, "Na wewe usipokuwepo?"

"Nitakuwepo, mama."

"Haya," akasema, akaomba apitishiwe chumvi.

Jumatatu, 8 Julai

Matembezi ya kwanza, kutwa nzima. Kizibao kimemkaa sawasawa, mume wangu ni fundi kweli ingawa simwambii. Tulivuka kijito, alisita, nikatangulia, akafuata. Swala waliruka mbele yetu, akatetemeka mwili mzima na asikimbie. Mchana tulikaa chini ya mwamba, yeye akiegemea mguu wangu, nikamtoa miiba kwenye nyayo mmoja mmoja. Nilisikia amani ambayo nyumbani siipati. Niliporudi kwenye kelele za cherehani nilitamani kugeuza.

Alhamisi, 11 Julai

Mbegu gunia moja na nusu. Joto.

Jumatatu, 15 Julai

Nitaandika pole pole.

Njia ya juu, karibu na pale pale pa mwaka jana. Hakimu alikuwa mbele, nikamwona amesimama. Kulikuwa na kipande cha nyama katikati ya njia, kibichi, kizuri, inzi wamekufa pembeni yake. Sikusema neno. Sikupuliza. Nilitaka kujua. Alikitazama, akasogea hatua pembeni, akaketi, akageuza uso na kunitazama mimi.

Nilikaa chini nikalia kama Pamba. Kisha nikamlisha kwenye kiganja mpaka mfuko ukaisha, nikachimba shimo nikakifukia kile kipande na mawe juu yake.

Nyumbani nilisimulia, nikitia chumvi kidogo. Mume wangu alinishika bega. Mama mkwe akasema, "Basi imefaa." Pamba alisema, "Hongera, wifi," akaenda kuanua nguo. Siku zote nilidhani ni mtu dhaifu. Leo nimemwona anavyokwepa kumtazama yule mbwa, na mbwa anavyokwepa kumtazama yeye, wanapishana mlangoni kama watalaka. Nikasema moyoni, si kitu, mbwa yu hai.

Jumamosi, 27 Julai

Upepo. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 9 Agosti

Naandika nikiwa hospitali, chali. Bahati yangu mimi ni mtu wa shoto tangu shule, maana mkono wa kulia umo kwenye plasta mpaka juu ya kiwiko. Paja la kushoto limevunjika. Mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, nami nimelazwa hivi kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Ilikuwa Jumatatu. Nilipanda ukingo wa korongo kufikia tawi lenye maganda mazuri, udongo ukakatika. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka kufika. Nilipofumbua macho Hakimu alikuwa ananishukia kwa makalio, mawe yanaporomoka, anakuja. Alinilamba usoni, akazunguka, akalala kwa upande wa mguu uliovunjika kama aliyeambiwa. Nilimwamuru abweke, akabweka mpaka sauti ikamkauka. Nikipuliza filimbi anabweka, nikinyamaza anakaa. Hivyo ndivyo dereva wa kitalu alivyotupata kesho yake.

Wakiwa wananifunga kwenye machela, dereva alimkatia Hakimu mkate. Mbwa alikuwa hajala tangu asubuhi ya Jumatatu. Akageuza uso. Nami, mfupa umechomoza hivi, nilimwambia dereva, "Usijisumbue, huyo hali kwa mtu," nikacheka. Watasimulia maisha yao yote habari za mwanamke aliyecheka kwenye machela.

Hospitali hii iko mji mwingine, mbali na nyumbani. Wodi yetu ni ya ghorofani.

Jumapili, 11 Agosti

Mume wangu amekuja. Futi kamba shingoni, amesahau kuivua.

"Hakimu?"

"Hajambo. Anakula."

"Kwa nani?"

"Kwa... anakula tu." Akaanza kunisimulia habari za mteja aliyenenepa kabla ya harusi. Mume wangu hajui kusema uongo, ndiyo maana nilimpenda. Nimemwacha aumalize.

Jumatano, 14 Agosti

Pamba amekuja peke yake, kwa basi la alfajiri. Sikumtarajia. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Hali kitu, wifi. Kaka kakudanganya. Anakunywa maji ya mtaroni basi. Tumeweka nyama chini, anaizunguka. Tumeweka kwenye bakuli lako, anakaa mbali analitazama. Mama anashinda na lile bakuli mapajani kutwa, hasemi, amelishika tu. Tufanyeje?"

Niandike ukweli: nilifurahi. Kitu kilinipanda kifuani, kitamu. Nilimwona yuko kule nyumbani ananingoja, kati ya watu wote ananitaka mimi.

"Msimbembeleze," nikamwambia. "Njaa itamfundisha. Hakuna mbwa anayekufa mbele ya bakuli. Mkianza kumbembeleza mtaniharibia kazi ya kiangazi chote."

"Amekonda, wifi."

"Nami nimekonda. Mbona mimi hujanililia?"

Alinitazama. Zamani angelia. Akafunga kitambaa kichwani, akasema basi la kurudi halingoji.

Jumapili, 18 Agosti

Wamekwisha jaribu koti. Alipoliona aliingia chini ya meza ya cherehani, wakamtoa kwa kumvuta. Wamejaribu glavu, aliilamba, akaiacha. Daktari wa mifugo alikuja akamtundikia maji, akasema mgonjwa haumwi kitu, tatizo lake liko kichwani. Walimfunua mdomo kwa nguvu wakamimina supu, akaitapika yote miguuni pa mama mkwe.

Mchana mume wangu akapiga simu, akaiweka karibu na mbwa. "Sema naye." Nilijua. Nilijua kabla sijafungua mdomo, na bado nikasema, "Haya, kula." Nikasikia kucha zikikwaruza sakafu. Anarudi nyuma. Ningezitambua kucha hizo popote, nilizikata mimi.

"Amelala kifudifudi," mume wangu akasema.

Kila wanachobuni, mimi nilikibuni kabla yao. Siku ile ya simu nilisema hata dirisha nimefunga. Sasa nimelala hapa natafuta tundu lolote nililosahau.

Jumanne, 20 Agosti

Nimemwomba daktari anifungue siku moja tu. Alidhani naweweseka, akaandika dawa ya homa.

Alhamisi, 22 Agosti

Asubuhi muuguzi aliniambia kuna mtu getini na mbwa, anataja jina langu, na mlinzi hataki kuwaingiza. Ni Pamba. Alimwendea dereva wa kitalu akamsihi mpaka akakubali kuwabeba kwenye gari la miche.

"Sista, nifungue nishuke."

"Mama, ukishuka hapo mguu huo utakatwa."

"Ukatwe."

"Si kwa zamu yangu," akasema. Lakini alikuwa na utu. Walinisukuma mimi na kitanda na vyuma vyangu mpaka dirishani, yeye na mfagiaji.

Niliwaona. Wamesimama nje ya ua wa waya, chini kabisa. Sikumtambua mara moja. Nilidhani Pamba ameshika mbwa wa mtu, wa jalalani, mbavu zote nje. Kisha akageuza kichwa kwa masikio yale.

Pamba alipiga magoti, akanyoosha kiganja chenye nyama. Akainua uso kunitazama, akanipa ishara kwa kichwa: sema sasa. Mimi mwenyewe, mdomo wangu mwenyewe, si simu. Nikaita, "Haya, kula."

Masikio yalisimama. Alinitafuta hewani. Akautazama mkono ulio mbele yake, mkono wa Pamba, akasikia sauti yangu, na hivyo viwili pamoja alivijua. Alijilaza kifudifudi, akafumba macho akingoja gunia. Niliita tena. Alijikunyata zaidi. Niliita mpaka wagonjwa wenzangu wakaniambia ninyamaze, na kila nilipoita alizidi kusinyaa, maana kila neno langu lilikuwa linamchapa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka filimbi. Iko shingoni mwangu tangu korongoni, hawakunivua. Kitu kimoja ambacho sikuwahi kukifanyia ujanja. Sikufikiri kinachofuata, nilitaka tu asijikunyate. Nikapuliza mara moja.

Akasimama. Sijui alisimama kwa nguvu gani. Kamba ilimponyoka Pamba, mbwa akapenya chini ya waya, manyoya yakibaki juu yake, akaja. Mlinzi alimkimbiza hatua chache akaacha. Alipita kwenye maua, akafika chini ya dirisha langu, akaparamia ukuta kwa kucha. Akaanguka, akaparamia tena. Kisha akaketi vizuri, kama nilivyomfundisha, akainua uso na kuutazama mkono wangu wa kulia.

Nami mkono wangu ulikuwa plasta tupu.

Kwenye sahani ya jirani yangu kulikuwa na kipande cha nyama ya mchana. Nilikiomba, nikakitupa. Kilianguka karibu na miguu yake. Alikitazama. Akasogea hatua pembeni, akaketi, akageuza uso na kunitazama mimi, vile vile kama siku ile njiani.

Mfagiaji aliuliza, "Mbona hali?" Niliapa filimbi haisemi uongo, na nimemwita nikiwa sina kitu.

Pamba alikuja kumbeba. Mbwa hakumkimbia. Hakuwa na nguvu hiyo.

Ijumaa, 23 Agosti

Mume wangu amepiga simu. Hakimu alikufa njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Pamba, kati ya miche. Mama mkwe alishika jembe mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Amezikwa karibu na wa kwanza.

"Hakuna mtu anayekulaumu," mume wangu alisema. Nimekwisha sema, hajui uongo.

Jumatatu, 26 Agosti

Mwenye kitalu ametuma salamu. Anasema nikipona yuko mtu mwenye watoto wa mbwa.

Alhamisi, 29 Agosti

Mvua za mapema. Zinapiga bati la veranda. Kule nyumbani zitaotesha majani nyuma ya choo.

Jumapili, 1 Septemba

Wauguzi ni wachache, wanataka kila mgonjwa awe na mtu wake. Mume wangu ana nguo za harusi za watu, mama mkwe hapandi basi. Amekuja Pamba. Ameweka begi lake chini ya kitanda, lile lile moja.

Ananiosha, ananigeuza, anachana nywele zangu bila kuvuta. Hajasema neno juu ya mbwa. Nilitaka aseme. Nilimwambia, "Wifi, ulikuwa na haki siku ile." Akauliza, "Siku gani?" akaendelea kuchana. Nimekaa naye nyumba moja miaka miwili, na leo ndiyo nimegundua simjui anafikiri nini. Zamani uso wake ulikuwa unasomeka kutoka barabarani.

Jumatano, 4 Septemba

Kwa kulala chali hivi siwezi kujilisha, kijiko nikishika mwenyewe uji unaishia shingoni. Pamba ndiye ananilisha. Asubuhi ya leo aliupika mwenyewe kwenye jiko la wauguzi, akaupoza kwa kuupuliza, akaketi karibu yangu. Aliniwekea kitambaa kidevuni. Akaanza kuimba kwa chini, ule wimbo wa jikoni, nikafurahi kuusikia.

Akanyoosha kijiko. "Haya, kula."

Nilikuwa na njaa. Nilifungua mdomo mara moja, nikapokea chote.

Ilikuwa pilipili, nyingi, imefichwa chini ya sukari. Iliniwaka ulimi, ikanipanda puani, nikakosa pumzi. Sikuweza kuinuka wala kugeuka, na kikombe cha maji kilikuwa upande wake. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alikaa na kijiko mkononi akinitazama, kimya, muda mrefu.

Nikameza. Machozi yakanitoka, akanifuta kwa upindo wa gauni lake, taratibu sana, kama mtu anayemfuta mtoto. Kisha akachota kijiko cha pili, akakipuliza, akakileta.

Nilikitazama. Ningeweza kumwita muuguzi, alikuwa vitanda viwili tu kutoka pale. Nikafungua mdomo.